Kumgeuza Askari wa Plastiki

Mwalimu wa lugha hutazamiwa kuwa na vitabu, karatasi na wino. Akionekana na tupa, kekee na wembe, watu hudhani kuwa anatengeneza kiti kilichovunjika. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kwa muda wa miaka kumi na minane sasa nimekuwa na kazi ya pili isiyoniletea hata senti moja: nageuza askari wadogo wa plastiki, wenye umbo la majeshi yaliyopigana katika vita vya Napoleon baina ya mwaka 1803 na 1815. Kazi hii niliianza London nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu, katika majira ya baridi ambayo jua lake huzama kabla mtu hajamaliza kazi ya alasiri. Naona ni vema nieleze kwanza kazi yenyewe ilivyo, kisha nieleze swali nililoulizwa juu yake, maana swali lile lilikuwa zito kuliko kazi.

Neno kugeuza nimelichukua katika chumba cha kazi cha baba yangu. Baba alikuwa fundi cherehani mjini Tanga, na katika miaka ya 1980, nguo zilipokuwa adimu madukani, koti lililopauka halikutupwa. Mwenyewe alilipeleka kwa fundi. Fundi alifumua mishono yote, akakipindua kitambaa hata upande wa ndani, ambao haukupata kuonwa na jua, ukawa nje, kisha akalishona koti upya. Mtu mwenye jicho aliweza kulitambua koti la namna hiyo hata likiwa safi vipi, maana mfuko wa kifuani ulikuwa umehama kutoka kushoto ukaenda kulia. Kumgeuza askari ni kazi ya jamii hiyo hiyo. Kiwanda kimekupa mtu mmoja. Wewe wamtaka mwingine aliyekuwa ndugu yake, au aliyemtangulia kwa miaka kumi, au aliyepigana upande wa pili. Humwumbi kwa udongo mpya. Unamfumua, unampindua, unamshona tena. Baada ya hayo huja kazi ya kumkamilisha, nayo ni kumpa vitu vidogo vilivyoachwa na kiwanda: hatamu za farasi, ukanda wa bunduki, kifungo cha mkoba, mshono wa buti.

Askari hawa ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wenye urefu wa inchi moja hivi, waliotolewa na kampuni ya Kiingereza ya Airfix. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni hiyo ilitoa masanduku ya askari wa Waterloo: wapanda farasi wa Kifaransa, askari wa miguu wa Kiskoti, mizinga na watu wake. Plastiki yao ni laini, ya jamii ya politheni, hupindika kama ngozi iliyolowa. Haishiki gundi ya kawaida, na rangi iliyopakwa juu yake hubanduka mkono wa askari ukipindwa. Mtu akitaka kumpa askari huyu kichwa cha mwingine hana budi kutumia pini: huikata, huipasha moto, huidunga shingoni, na kichwa kipya huketi juu yake.

Namna ya pili ni wale wenye kimo cha milimita 54, wa plastiki ngumu ya polistireni. Airfix nao waliwatoa hao tangu miaka ya 1970, lakini walioipa kazi hii heshima yake ni Wafaransa wa Historex, ambao tangu miaka ya 1960 walitoa askari wa Napoleon vipande vipande: kichwa peke yake, mkono peke yake, mkoba peke yake, kitara na ala yake, na farasi aliyepasuliwa nusu mbili, ili nusu ya huyu iunganishwe na nusu ya yule na mwendo mpya upatikane. Plastiki hii hukubaliana na gundi yake. Gundi huziyeyusha kidogo nyuso mbili zinazokutana, zikaingiana, na kiungo kikikauka huwa kitu kimoja, kama chuma kilichochomelewa.

Kimo cha milimita 54 ni kimo cha mtu wa wastani kilichogawanywa kwa 32, na hesabu hii ndiyo sheria ya kazi nzima. Bunduki ya Kifaransa ya mtindo wa mwaka 1777 ilikuwa na urefu wa sentimita 151 hivi. Mikononi mwa askari wetu ni milimita 47. Gobori walilolibeba Waingereza Waterloo lilikuwa fupi zaidi, lapata sentimita 140, yaani milimita 44. Milimita tatu si kitu kwa mpita njia, lakini jicho lililozoea huziona mara moja. Wala tofauti haikomi hapo: mtutu wa Kifaransa ulifungwa kwenye mti wa bunduki kwa pete tatu zionekanazo, na ule wa Kiingereza ulishikwa kwa pini zilizopita ndani ya mti. Basi amgeuzaye Mfaransa awe Mwingereza huifupisha bunduki, akazikwangua pete kwa wembe. Naye amgeuzaye Mwingereza awe Mfaransa huzirudisha pete kwa vipande vya karatasi.

Karatasi nayo ina faida isiyotazamiwa. Karatasi ya kawaida ya kuandikia ina unene wa karibu sehemu ya kumi ya milimita. Zidisha mara 32, utapata milimita tatu na kidogo, na huo ndio unene wa ngozi ya mkanda wa askari. Hapana bati wala plastiki iliyo sawa kuliko hiyo. Kwa sababu hii mikanda yote ya askari wangu imekatwa katika pambizo za rasimu za makala zangu, hasa zile zilizorudishwa na wahariri, nami naona makala hizo zimepata kazi ya heshima hatimaye.

Nitatoa mfano mmoja wa kazi kutoka mwanzo hata mwisho. Chukua askari wa miguu wa Kifaransa aliyetengenezwa kwa umbo la mwaka 1815. Yeye amevaa koti lililowekwa na kanuni za mwaka 1812: limefungwa mbele mpaka kiunoni, na mikia yake ni mifupi. Kichwani ana kofia ndefu iitwayo shako, na miguuni ana mikoba ya kitambaa iliyofika chini ya magoti. Wewe wamtaka mtu wa Austerlitz, vita vya tarehe 2 Desemba 1805. Miaka kumi tu imepita kati yao, lakini kama fundi cherehani angewaona pamoja asingedhani wameshonewa duka moja. Wa Austerlitz koti lake limekatwa kwa mshazari kuanzia kifuani, fulana nyeupe inaonekana tumboni. Mikia ya koti inashuka nyuma ya magoti. Mikoba ya miguu inapita juu ya magoti. Na kofia yake ni ile pana iliyokunjwa pande mbili, kwa kuwa shako iliamriwa kwa askari wa miguu mwaka 1806.

Kwanza nakwangua sehemu ya mbele ya koti kwa wembe, kidogo kidogo, mpaka umbo la fulana litokee. Kisha nakata mikia mifupi kwa msumeno mwembamba, nakata mingine katika kipande cha plastiki bapa, naipasha joto juu ya kikombe cha maji ya moto ili ipinde kama kitambaa kinavyopinda mtu akitembea, naibandika. Kichwa nakitoa shingoni, nakata shako juu ya nyusi, na kofia naifinyanga kwa kinamo cha namna mbili ambacho hukandwa pamoja na kuwa kigumu baada ya saa chache. Nikitaka goti lipinde zaidi, nakata pembe ndogo nyuma yake, naufunga mwanya, naziba kwa kinamo, napiga msasa. Hatamu, kama ana farasi, sizinunui. Vile vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande sandukuni, ambavyo wengi huvitupa, ukikishika kimoja juu ya mwali wa mshumaa bila kukigusisha, ukakizungusha mpaka kilegee, kisha ukakiondoa na kukivuta kwa mikono miwili, hutoka uzi mwembamba kama unywele wa mtu. Nywele za farasi na manyoya ya kofia huchorwa kwa sindano ya moto. Na ukucha wa farasi hutiwa alama ya chuma chake, ijapokuwa utatazama chini na hapana atakayeuona.

Kazi hii yote kwa askari mmoja huchukua wiki tatu au nne za jioni. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Asemaye hivyo hapana shaka alipata kungojea kinamo kikauke.

Sasa nifike kwenye swali. Miaka miwili iliyopita, mwanafunzi wa mwaka wa tatu alikuja ofisini kwangu kuniletea muhtasari wa tasnifu yake. Ni binti wa Kilwa, msomaji hodari, tena hana maneno mengi. Askari wanne walikuwa juu ya rafu, baina ya kamusi na mafaili. Aliniamkia, nikamwitikia, akawatazama kwa kitambo.

"Mwalimu, hawa ni askari wa nani?"

"Wa Napoleon."

"Napoleon huyu aliyeurudisha utumwa mwaka 1802?"

"Ndiye huyo."

"Sasa, Mwalimu, kwa nini unawapamba?"

Hakulisema kwa ujeuri. Aliuliza kama anayetaka kujua bei ya kitu. Nikamwambia kuwa swali lake lina haki ya kupata jibu lililofikiriwa, na kwamba nikilipata nitamwita. Akaniachia muhtasari wake akaenda zake.

Majibu mepesi yalikuwapo. Ningeweza kusema kuwa hiki ni kitu cha kuchezea tu. Lakini mtu hamalizi wiki nne juu ya kitu ambacho ni cha kuchezea tu, na aliyeuliza ana akili ya kuliona hilo. Ningeweza kusema kuwa napenda ustadi, wala sipendi vita. Hilo ni kweli, ila ni kweli isiyojibu. Mchonga milango hodari huulizwa pia mlango ni wa nyumba gani. Basi nikaamua kuliuliza swali lake kwa askari mwenyewe, kuanzia kitu cha kwanza ambacho mtu hukiona kwake, nacho ni rangi ya koti.

Koti la askari wa miguu wa Kifaransa ni la buluu iliyokolea. Buluu hiyo ilitoka katika nili. Mchanganya rangi anayejali huitafuta kwa kuchanganya buluu, nyeusi na nyekundu kidogo, akajivuna kuwa ameipata. Lakini nili haikuanzia katika kopo. Katika karne ya 18 mojawapo ya nchi zilizotoa nili kwa wingi ni koloni la Ufaransa la Saint-Domingue, ambalo leo ni Haiti, pamoja na sukari yake na kahawa yake, na mashamba yote hayo yalilimwa na watumwa. Watumwa wale waliasi mwaka 1791. Baraza la Mapinduzi la Ufaransa likafuta utumwa tarehe 4 Februari 1794. Napoleon akaurudisha kwa sheria ya tarehe 20 Mei 1802. Na majeshi aliyoyapeleka Saint-Domingue yakashindwa, hata tarehe 1 Januari 1804 nchi ikatangazwa huru kwa jina la Haiti. Kisha manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Nili ikawa adimu Ufaransa kiasi cha kuwa mwaka 1806 iliamriwa askari wa miguu wavishwe makoti meupe. Vikosi vichache vilivishwa, na mwaka uliofuata amri ikaachwa. Wageuzaji wa askari huyapenda makoti meupe kwa sababu ni machache na ya ajabu. Mimi nilipokuwa nikimpaka mmoja wao rangi niliona kuwa ninapaka pengo: weupe ule ni alama ya nili isiyofika.

Nilipofika hapo sikuweza kukomea Saint-Domingue, kwa sababu aliyeuliza ni binti wa Kilwa. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aliyeitwa Morice alipatana na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Na katika miaka ya mwisho ya karne ile, merikebu za Kifaransa ziliwavusha watu wa pwani ya mashariki ya Afrika, hasa wa Msumbiji, wakazunguka rasi ya kusini mpaka Saint-Domingue yenyewe. Sisi wa pwani hii twaukumbuka zaidi utumwa wa Unguja, ambao soko lake lilifungwa mwaka 1873. Huu wa kuelekea magharibi twauacha kwa wengine. Lakini koti la buluu la askari wangu halikuwa mbali nasi kama nilivyodhani. Uzi wake mmoja ulipita Kilwa.

Hata hivyo, kujua hayo hakukutosha kuwa jibu. Mtu aweza kujua asili ya nili na bado akampamba askari. Hapo nikakumbuka sanamu kubwa niliyokuwa nikienda kuitazama London, katika Makumbusho ya Jeshi yaliyoko Chelsea. Aliyeitengeneza ni ofisa wa Kiingereza, William Siborne. Mwaka 1830 alipewa kazi ya kutengeneza mfano wa uwanja wa Waterloo. Alikaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akipima kila mwinuko. Kisha akawaandikia barua maofisa waliokuwa hai bado, akimwuliza kila mmoja alisimama wapi yapata saa moja ya jioni ya tarehe 18 Juni 1815, adui gani alikuwa mbele yake, na mimea gani ilikuwa shambani. Majibu yalifika kwa mamia. Akatengeneza askari zaidi ya 70,000 wa bati na risasi, kila mmoja mdogo sana, akawapanga.

Katika kuwapanga kwake aliwaweka Waprusia kwa wingi, karibu na pale ambapo vita viliamuliwa, kwa kuwa ushahidi aliokusanya ulimwonyesha hivyo. Jambo hilo halikumpendeza Wellington, kwani lilipunguza sifa ya ushindi wa Waingereza. Serikali ilikwisha kuacha kugharimia kazi ile. Siborne aliiendeleza kwa fedha yake na kwa deni. Mfano ulionyeshwa London mwaka 1838, watu wakamiminika kuutazama. Walakini fedha haikumrudia, na ubishi juu ya Waprusia haukutulia. Hatimaye akawaondoa maelfu ya Waprusia wadogo juu ya meza. Alikufa mwaka 1849. Mfano wake ungalipo, na atazamaye asiyejua habari hii huona ukamilifu mtupu: kila ua, kila mfereji, kila mzinga mahali pake. Haoni waliotolewa. Wala hawezi kuwaona, maana waliotolewa hawaachi kovu juu ya udongo wa plasta.

Siborne alinifundisha kitu ambacho sikukipata katika vitabu vya ufundi. Sanamu haidanganyi kwa kifungo kilichowekwa vibaya. Kifungo huweza kusahihishwa na mtoto. Hudanganya kwa mtu ambaye hakuwekwa. Tena kadiri vifungo vinavyozidi kuwa sahihi, ndivyo mtazamaji anavyozidi kuamini kuwa hapana aliyeachwa. Nilipoligeuza jambo hilo likaelekea rafu yangu, niliona kuwa askari wote wanne wana uso wa rangi moja. Sikuwa nimechagua hivyo, sanduku lilichagua. Kwa muda mrefu katika maduka ya rangi za sanamu kopo lililoandikwa "rangi ya mwili" lilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, kana kwamba mwili ni mmoja.

Na majeshi yale hayakuwa na mwili mmoja. Mwaka 1803 Ufaransa iliunda kikosi cha askari weusi, Pionniers noirs, ambacho mkuu wake wa kwanza alikuwa Joseph Damingue, mtu mweusi aliyeitwa Hercule kwa ajili ya nguvu zake. Mwaka 1806 kikosi hicho kilipewa ufalme wa Napoli. Kabla yao alikuwapo Thomas-Alexandre Dumas. Alizaliwa Saint-Domingue mwaka 1762. Baba yake alikuwa Mfaransa wa ukoo wa kikabaila, na mama yake, Marie-Cessette, alikuwa mtumwa. Aliingia jeshini mwaka 1786 kama askari wa kawaida wa farasi. Mwaka 1793 alikuwa jenerali. Mwaka 1797, katika milima ya Tirol, alilishika daraja la Klausen peke yake dhidi ya wapanda farasi wa Austria mpaka wenzake walipofika. Alikwenda Misri pamoja na Napoleon mwaka 1798 akiwa mkuu wa askari farasi, wakakosana huko. Alipokuwa akirudi alifungwa kusini ya Italia kwa miaka miwili. Akafa mwaka 1806 katika umaskini, akimwacha mwana mdogo ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya. Sanamu yake ilisimamishwa Paris mwanzoni mwa karne ya 20. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani walipoikalia Ufaransa, iliondolewa ikayeyushwa. Mwaka 2009 paliwekwa hapo ukumbusho mpya: pingu mbili kubwa za mtumwa, moja yao ikiwa imekatika.

Nikaamua kumtengeneza Dumas wa Klausen. Nilianza na ofisa wa miguu wa Kifaransa wa milimita 54. Wasimulizi wa zama zake wanamtaja kuwa mtu mrefu kupita wenzake. Kwa hiyo nilimkata mapaja yote mawili, nikaingiza kisahani cha plastiki chenye unene wa milimita tatu katika kila paja, nikaziba na kupiga msasa hata akawa na kimo chake. Koti nililirudisha nyuma katika mkato wa miaka ya 1790, lenye kola ndefu ya kukunjwa na mikia mirefu. Mkono wa kulia niliukata begani, nikauinua, nikampa kitara. Mkono wa kushoto niliuegemeza kwenye ukingo wa daraja, na mbao za daraja nilizipasua kwa vijiti vya kiberiti.

Uso ulinichukua siku nyingi kuliko mwili wote. Vijitabu vya maelekezo vinafundisha jinsi ya kuupaka uso wa waridi: msingi gani, kivuli gani, mwanga wapi. Juu ya uso wa mtu wa rangi ya Dumas havisemi mengi. Ajaribuye huanza na kahawia tupu, akaongeza nyeusi kwa kivuli na nyeupe kwa mwanga, na matokeo yake ni uso wa majivu. Ngozi yetu haifanyi hivyo. Kivuli chake kina wekundu na zambarau ndani, na mwanga wake huelekea manjano ya shaba. Na mahali ambapo mfupa umekaribia ngozi, kwenye kipaji na juu ya pua, hung'aa, wala hapafifii. Hayo sikuyapata katika kijitabu. Niliyapata kwa kumtazama mwanangu akisoma karibu na dirisha, nikatumia rangi za mafuta, ambazo hukawia kukauka na kwa hiyo humruhusu mtu kufikiri.

Alipokamilika nilimwita yule mwanafunzi, maana nilikuwa nimeahidi. Nilimweleza habari ya nili, na ya Morice, na ya Waprusia wa Siborne, kisha nikamwonyesha Dumas. Akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa. Nikamwambia: hili ndilo jibu langu, siwapambi ili wasifiwe, nawageuza ili waliotolewa warudi mezani.

Akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu. Na mama yake je, yuko wapi?"

Swali hilo la pili nimelichukulia kuwa bora kuliko la kwanza, maana linagusa mpaka wa kazi yenyewe. Masanduku huuza askari. Hapana sanduku la mwanamke asimamaye katika birika la nili akiyapiga maji yake yageuke buluu. Wala si kazi ngumu kwa mkono: ningeweza kuchukua mwili wa muuza vyakula wa jeshi, ambao hupatikana, nikamvua kofia, nikamfunga kitambaa kichwani, nikamwita Marie-Cessette. Nimelifikiri hilo mara nyingi, nami nimekataa. Kwa Dumas nina picha zilizochorwa, kanuni za mavazi, simulizi za waliomwona. Kwa mama yake sina nguo, sina uso, sina hata mahali pa kusimama palipo hakika. Nikimbunia uso, nitakuwa nimemfanyia kile kile alichofanyiwa alipokuwa hai: kuvishwa umbo alitakalo mwingine. Msomi wa maandishi ya zamani analijua jambo hili. Ukurasa ulioliwa na mchwa huachiwa nafasi tupu, na mhariri mwaminifu hauzibi kwa shairi lake mwenyewe, hata akiwa malenga.

Lakini nafasi tupu nayo yataka kuonyeshwa, isije ikadhaniwa kuwa hapakuwa na kitu. Desturi ya wageuzaji ni kuandika chini ya kibao jina la askari, kikosi, mahali na mwaka. Dumas alipoandikishwa jeshini mwaka 1786 hakutumia jina la baba yake, ambalo lilikuwa refu na la kikabaila; alitumia jina la upande wa mama. Kwa hiyo jina ambalo mwanawe alilijulisha duniani kote kwa vitabu vyake lilikuwa la yule mwanamke. Nilichukua burashi yenye nywele tatu nikaandika kwenye kibao: "Dumas, mwana wa Marie-Cessette. Klausen, 1797." Na kando ya daraja, upande ambao kwa kawaida ningeweka mti au jiwe ili kuujaza uwanja, nimeacha ubao mtupu, nikaupaka buluu ya nili.

Binti yule amekwisha kuhitimu. Tasnifu yake ilihusu majina ya mahali katika pwani ya Kilwa. Wageni wanaoingia ofisini kwangu hudhani kuwa buluu ile ni maji ya mto. Mwenye kuuliza namweleza, na mwelezo wake huchukua muda wa kutosha chai kupoa.